Utume video, picha, au uandike tu?

Mamdogo wangu anauza madera na vitenge, ana kafremu kadogo Kariakoo kule ndani ndani ambako hata ukielekezwa unapotea mara mbili, kwa hiyo biashara yake nusu ipo kwenye simu. Mwezi uliopita binti wa jirani akamshauri aachane na kuposti picha, eti watu siku hizi wanataka video. Basi wakarekodi video kali kweli, sekunde 58, mziki, mwanga mzuri, binti anazunguka na dera la maua, mamdogo anaongea nyuma ya simu, kitambaa laini, hakichuji, saizi zote zipo, bei elfu kumi na nane tu. Ikapata like kuliko kitu chochote alichowahi kuposti. Chini yake komenti 14, nimehesabu mwenyewe, na 11 kati ya hizo ni neno moja: "bei?"

Bei kaitaja sekunde ya 47.

"Wateja wa siku hizi hawasikii kabisa," ndo kitu cha kwanza kaniambia nilivyompigia, hata shikamoo hajaipokea vizuri.

"Wanasikia mamdogo, ila wapo kwenye daladala, simu zao wamezima sauti."

Sasa hili swali lake naliona kila mahali, mtu ana jambo la kusema, simu anayo mkononi, anajiuliza arekodi, apige picha au aandike, na jibu analopewa na kila mtu ni video, video, video. Mi naona swali lenyewe linaulizwa kichwa chini miguu juu. Usiulize kipi kina nguvu, uliza huyu mtu akishaupata ujumbe wako anaenda kuufanyia nini. Anataka aone kitu kinavyokwenda? Anataka akikague taratibu? Au anataka kukitumia, yaani anakili namba, amtumie mume wake, kesho arudi aangalie tena? Hapo ndo majibu yanapoachana.

Video pale ilipo nyumbani kwake

Chukua friji la mtumba. Picha ya friji la mtumba haikwambii kitu, mafriji yote yakipigwa kitambaa yanafanana. Maneno ndo usiseme, "lipo vizuri halina tatizo lolote" kila muuzaji anaandika hivo, hata lile lililobadilishwa kompresa mara mbili. Lakini mwambie akurekodie anavyolichomeka kwenye umeme, simu aipeleke mgongoni kwa friji, usikie linanguruma kawaida au linagonga kama limemeza mawe, halafu azunguke mbele afungue mlango taa iwake, yote hayo bila kukata. Sekunde 20 zimekujibu maswali ambayo kwa meseji ungeyauliza hadi jioni. (Kama linagandisha, hiyo sekunde 20 hazikwambii, hilo nenda mwenyewe ukae nalo.)

Gari hivo hivo. Ulishawahi kumweleza fundi kwa simu gari inaliaje? Mtu mzima na heshima zako umesimama barabarani unalia "kwiii, kwiii, halafu nikikata kona inafanya gudu gudu", na fundi upande wa pili anacheka tu. Rekodi. Sauti ya gari, bomba linalovuja pampu ikiwashwa tu, haya yana tabia moja, ukimfikisha mtaalam hapo yanaacha. Mtoto akishikwa na degedege nyumbani, mkifika hospitali mara nyingi imeshaisha, na daktari anauliza ilianzaje, mikono yote miwili au mmoja, macho yalienda wapi, ilichukua muda gani, na mama wa watu wakati ule alikuwa analia hakumbuki chochote. Mlazeni mtoto ubavu kwanza, msimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, na kama kuna mtu wa pili ndo ashike simu arekodi. Madaktari wanazithamini sana hizo klipu, na hakuna maelezo ya maneno yanayozifikia.

Na kufunga kilemba. Jaribu kuandika jinsi ya kufunga kilemba: shika ncha ya kulia, ipitishe juu ya ya kushoto, zungusha nyuma, rudisha mbele, chomeka chini ya mkunjo wa kwanza... mkunjo upi sasa? Mikono ikionekana inafanya, mtu anaelewa kwa mara moja. Ila uwe makini na kamera ya mbele, zipo simu zinazoigeuza video kama kioo, kulia inakuwa kushoto, na ndo maana unakuta mtu amefuata kila hatua na kilemba kimekaa upande wa pili.

Ubaya wa video, ina saa yake

Maandishi unasoma kwa mwendo wako. Unaruka, unarudi, unatafuta neno unalolitaka macho yanatua hapo hapo. Video inakuburuza kwa mwendo wa aliyeirekodi, anapotaka kusalimia dakika nzima na wewe utasalimiwa dakika nzima. Mi nimeshapika maandazi kwa kufuata video, mikono imejaa unga, nataka kujua kitu kimoja tu, hamira kasema kijiko cha chai au cha chakula, basi narudisha kwa kidole kidogo, nimeipita, narudisha tena, tangazo, simu ikajaa unga na hamira nikaweka kwa kukisia. Yale yale yangeandikwa mistari minane kwenye karatasi nikaibandika mlango wa kabati, yameisha.

Namba ndo usiongee. Mtu anarekodi video anataja namba ya simu kwa mdomo, au anaiandika kwenye video inakaa sekunde mbili halafu inaruka, sasa nikalipe wapi? Namba ya kulipia mtu anataka aiguse, ainakili, aibandike kwenye menyu ya malipo. Kosa tarakimu moja uone pesa inavyoenda kwa mtu wa Sumbawanga ambaye hata hakujui.

Halafu bando. Tusijifanye wote tuna waifai. Meseji ya kawaida ni herufi 160 na inaingia hata kwenye kitochi cha bibi, video ya dakika moja inakula MB kadhaa na mteja wa bando la siku anaiangalia kile kiduara kinavyozunguka anaamua kuendelea na maisha yake. Na hata akiipakua, baada ya wiki mbili akitaka kujua ulisema unafungua saa ngapi, hawezi kuitafuta. Neno lililoandikwa kwenye chati unalisachi linatokea. Neno ulilolisema kwenye video limezikwa humo humo.

(Voisi noti nazihesabu upande huu huu. Anko wangu anatuma voisi ya dakika nne na jambo lenyewe lipo dakika ya tatu na nusu. Nampenda sana anko wangu.)

Halafu tunaiamini kupita kiasi

Hili ndo linanikera kuliko yote. Mtu anakwambia "si kuna video kabisa!" kama vile kesi imefungwa. Video inapigwa na mtu aliyechagua aanzie wapi na aishie wapi. Ule ugomvi wa bodaboda na abiria unaozunguka kwenye magrupu unaanza pale ngumi ilipoanza, dakika tano za kabla ya ngumi hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

Na huo mchezo ni wa zamani, haukuanza na simu. Kuna mwongozaji wa filamu wa Urusi anaitwa Lev Kuleshov, mambo ya miaka mia moja iliyopita hivi, inasimuliwa kwamba alichukua uso mmoja wa muigizaji, uso mkavu kabisa hauna furaha wala huzuni, akaubandika mara karibu na sahani ya supu, mara karibu na jeneza, mara karibu na mwanamke. Watazamaji wakamsifia muigizaji, hapa ana njaa, hapa ana majonzi, hapa ana tamaa. Uso ni ule ule! Sasa fikiria huyo mtaalam wa rili za sekunde 15 anayekata na kuunga siku nzima anakufanya nini.

Hata kasi ya video inakubadilishia hukumu. Mwaka 2016 walitoka watafiti Marekani waliowaonyesha watu video za matukio ya ukatili, wengine kwa kasi ya kawaida wengine kwa slo moshen, na waliotazama slo moshen ndo waliona zaidi kwamba yule mtu alikusudia. Inaeleweka, ukivuta sekunde moja ikawa nne unaona kama jamaa alikuwa na muda wa kufikiria, kumbe hakuwa nao. Na watu wa mpira hili wanalijua, nenda kwenye taratibu za VAR, wale marefa wanaorudia matukio kwa video, utakuta wameligawa vizuri tu: kutafuta mguso ulikuwa wapi au mpira ulitoka, refa anaruhusiwa slo moshen, ila kupima ukali wa faulo anatakiwa aangalie kwa kasi ya kawaida. Na ofsaidi? Ofsaidi wanasimamisha kabisa, wanachora mstari. Yaani teknolojia yote ile, makamera yote yale, ikifika kwenye jambo la sentimita wanarudi kwenye picha mnato.

Picha haikimbii

Kwa hiyo picha tusiifanye mdogo wake video. Kwanza video yenyewe ni picha zilizopangwa mstari, simu nyingi zinapiga 30 kwa sekunde, dakika moja ni picha 1,800, na kati ya hizo 1,800 unaweza ukakuta hamna hata moja iliyotulia vizuri ya kumwonyesha mtu.

Kitu ambacho picha inakifanya na video haikiwezi ni kusimama. Mwaka 1878 kule California jamaa anaitwa Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwenye mstari, farasi akipita mbio anafyatua moja baada ya nyingine, kumaliza ubishi kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inaachana na ardhi. Ikaonekana ipo, na tena inaachana pale miguu imekunjwa chini ya tumbo, siyo imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wanachora karne na karne. Farasi alikuwa anakimbia mbele ya macho ya watu miaka yote hiyo, mwendo wote wanauona, na hawakuona. Ilibidi asimamishwe.

Mteja wa kitenge naye anataka kitu kisimamishwe. Anataka avute karibu kwa vidole viwili aone uzi, aone pindo limeandikwa nini, aone kama ua la mgongoni litakutana na ua la begani. Fundi wa vipuri anataka picha ya namba iliyogongwa kwenye kile kipuri chenyewe, usimpelekee video unakizungusha mkononi kama unakiuza mnadani. Duka la dawa wanataka picha ya boksi la dawa, maana majina ya dawa ukiyaandika kwa kusikia utapewa dawa ya ng'ombe, na miligramu zipo pale pale kwenye boksi. Ila ukituma picha yenye maandishi madogo itume kama dokyumenti, ukiituma kawaida WhatsApp wanaibana, inafika kama imepigwa wakati wa vumbi.

Udhaifu wa picha, rangi. Mamdogo alipiga dera la damu ya mzee chini ya taa ya fremu, kwenye simu likatoka jekundu, mteja wa Tegeta akalirudisha na nauli ya boda tukala hasara sisi. Kapige nje, kivulini, asubuhi. Hata video haikusaidii hapo maana kamera inajirekebisha yenyewe mwanga ukibadilika, dera linatoka na rangi tatu ndani ya klipu moja.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, picha haijitambulishi. Ile picha ya Mwalimu Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964, sisi ukifumba macho unaiona, ipo vitabuni, ipo ukutani, na nchi nzima imo humo ndani. Mwonyeshe mgeni ambaye hajawahi kusikia habari zetu, atakwambia kuna mzee anamimina mchanga. Kinachobeba Muungano pale ni maneno tuliyoambiwa na mwalimu wa darasa la tatu.

Maneno tunayadharau bure

Tanzania Bara tumeanza kuwa na televisheni mwaka 1994, Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo mambo mazito yote yalitufikia kwa redio, kwa maneno matupu. Novemba 1978 Mwalimu anatangaza vita na Idi Amin, watu walisimama kwenye redio, na mpaka leo mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anaijua ile ya uwezo, sababu na nia. Mpira pia, mzee wangu mpaka leo anadai magoli ya redioni yalikuwa makali kuliko haya ya kwenye luninga, enzi za kina Charles Hilary mpira upo katikati ya uwanja na wewe nyumbani umeshasimama.

Na wale mliokulia vibanda umiza mnajua. Filamu ilikuwepo, ya Kihindi, ya Kichina, ya Marekani, ngumi zinaonekana, magari yanalipuka, video imekamilika kabisa, na bado watu walikuwa wanauliza mlangoni kwanza kama ni ya Lufufu, yule mtafsiri aliyekuwa anaisimulia filamu kwa Kiswahili. Bila sauti ya Lufufu inayokwambia huyu ndo muuaji wa baba yake, kibanda kinanuna. Video ilikuwa ileile, maneno ndo yalikuwa yanaingiza watu.

Maneno yanashinda pia kwenye makubaliano. Nikikukopesha laki mbili sitaki video yako unacheka unasema "ntakulipa mwanangu usijali", nataka uandike tarehe na kiasi. Maelekezo ya nyumbani nayo, hii mitaa yetu ya huku Goba na Kinyerezi, lokesheni inamleta dereva ukuta wa nyuma kwa jirani mwenye mbwa. Andika: shuka kituoni, fuata lami mpaka inapoishia, utaona mashine ya kusaga, kata kulia, uliza kwa mama Zai. Halafu weka picha moja ya geti. Niliwahi kutumiwa video ya boda nzima kutoka kituoni mpaka kwa mtu, dakika sita za mgongo wa dereva.

Na ukitaka kujua nani alishaumaliza huu ubishi siku nyingi, mwangalie bibi na kanga yake. Kuna pindo, kuna mji yaani ile sehemu ya katikati, hayo ni macho ya mbali, rangi na maua vinakuita. Kuna jina, hilo la kusoma ukiwa karibu, "mtasema mchana usiku mtalala". Na kuna ile kutembea taratibu kupita mbele ya baraza la jirani, kugeuka kidogo, ili jina lisomeke kwa aliyekusudiwa. Picha, maandishi na mwendo, vyote kwa pamoja na bila bando.

Mamdogo sasa

Tumefanya hivi. Video imebaki, ila sekunde 15, dera linazunguka nje kwenye mwanga wa asubuhi, hakuna hotuba, bei imeandikwa kwenye video yenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo picha tatu, mbele, mgongo, na kitambaa kwa karibu kabisa. Chini maandishi ya kunakilika: bei, saizi, namba, boda mpaka Ubungo shilingi ngapi, mkoani linaenda kwa basi gani. Video inamsimamisha mtu asiskroli, picha ndo anakaa nazo anafikiria, maandishi ndo anamtumia mumewe aombe hela. Mamdogo mwanzoni aligoma kuandika vipimo, anasema wateja wake wanajijua, mpaka yakarudi madera mawili ya mtu mmoja.

Wiki ya pili sasa, na "bei?" imekufa kabisa, nimeona moja tu. Sasa hivi wote wanaandika "mwisho ngapi?", na mamdogo kanipigia jana usiku kuniuliza hiyo nayo inajibiwa kwa video au kwa picha.